Calestous Juma, mwalimu aliyeendelea kusoma

Leo naweka programu kando, tuongee kahawa. Kwetu Nyamira tunailima lakini tunakunywa chai. Nimekulia kati ya mibuni bila kujua kwamba mwaka 1511 kahawa ilipigwa marufuku Makka! Niliyasoma hayo kwa Calestous Juma, katika kitabu chake cha 2016 kuhusu jinsi watu wanavyopinga vitu vipya. (Hapa Kenya wakoloni walimzuia Mwafrika kuilima hadi miaka ya 1930, ndipo Kisii, Embu na Meru zikaruhusiwa kwa majaribio.)

Juma alizaliwa Busia mwaka 1953. Akasomea ualimu Egoji, akafundisha shule ya msingi Mombasa kuanzia 1974, kisha akawa mwandishi wa sayansi na mazingira wa Daily Nation. Baadaye akaenda Sussex, Uingereza, kufanya shahada ya uzamili. Ndiyo, kutoka cheti cha ualimu! Udaktari akaupata 1987, na mwaka uliofuata akaanzisha kituo cha ACTS, Nairobi, cha kutafiti sera za teknolojia. Baadaye akawa profesa Harvard. Alifariki 15 Desemba 2017, akiwa na miaka 64.

Mimi nilipohitimu sayansi ya kompyuta nilidhani nimemaliza kusoma. Lugha ya programu niliyofundishwa chuoni sijaitumia kazini hata siku moja. Kila mwaka naanza upya, na mara nyingi nanung'unika.

Nilimsimulia babu kisa cha Makka. Akauliza huyo profesa alikuwa na mibuni mingapi.