Minneapolis na historia ya tairi lisilokwisha upesi

Kila mwaka ifikapo Aprili, theluji inapoyeyuka katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimboni Minnesota, milango ya gereji hufunguliwa na pikipiki zilizolala tangu Novemba hutolewa nje. Kabla ya kuwasha injini, mwenye pikipiki ya safari ndefu huchuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, akapitisha kidole katika mifereji ya tairi na kuanza hesabu. Je, tairi hili litafika Sturgis na kurudi? Sturgis ni mji mdogo wa South Dakota, takribani kilomita 950 upande wa magharibi, ambako mkutano mashuhuri wa waendesha pikipiki ulianza mwaka 1938. Na kama tairi halitafika, linunuliwe lipi: lile gumu lidumulo, au lile laini linaloshika barabara wakati wa mvua?

Wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki wanaijua Minneapolis kwa sababu ya jamii yake kubwa ya Wasomali. Ni wachache wanaofahamu kwamba sehemu ya jibu la swali hilo la Aprili ilitafutwa katika maabara za mji huo huo.

Tairi la upepo lilipimwa kwa umri wake tangu mwanzo. Robert William Thomson, mhandisi wa Scotland, alipata hataza ya tairi la namna hiyo mwaka 1845. Lilikuwa mfuko wa turubai iliyopakwa mpira, uliofunikwa kwa ganda la ngozi, na seti moja ilidumu maili 1,200, yaani karibu kilomita 1,930, chini ya gari la farasi. Uvumbuzi huo ukasahauliwa hadi mwaka 1888, pale John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alipoubuni upya kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe.

Baada ya Dunlop dunia ikawa na kiu ya mpira, na bei ya kiu hiyo ililipwa na Waafrika. Katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuanzia mwaka 1885 hadi 1908, wanavijiji walilazimishwa kuingia msituni kugema utomvu wa mimea itambaayo ya jamii ya mbungo, ule mti ambao watu wa pwani wanaujua kwa juisi ya matunda yake. Wanawake walishikwa rehani mpaka waume zao walete kiasi kilichotakiwa, na mikono ya watu ikakatwa. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliyaweka mambo hayo mbele ya ulimwengu. Mnunuzi wa Ulaya au Marekani aliuliza tairi litadumu maili ngapi. Mahali mpira ulipotoka hapakuandikwa ubavuni mwa tairi.

Mpira huo, hata ulipokwisha kupikwa kwa salfa, ulikuwa wa rangi hafifu na uliisha haraka. Katika miaka ya 1910 viwanda vilianza kuuchanganya na masizi laini, na tairi likapata nguvu za kustahimili msuguano ambazo halikuwa nazo kabla. Weusi wa tairi ambao leo kila mtu anauona kuwa wa kawaida ni weusi wa masizi hayo.

Kisha ikaja vita. Mapema mwaka 1942 majeshi ya Japani yaliteka Malaya na Singapore, na Marekani ikapoteza takribani asilimia 90 ya mpira wake wa asili. Matairi yakawa miongoni mwa bidhaa za kwanza kugawiwa kwa mgao nchini humo, mapema kuliko sukari na nyama. Mwendo wa magari ukawekewa kikomo cha maili 35 kwa saa, na mgao wa petroli ulipoenezwa nchi nzima mwezi Desemba mwaka huo, lengo lake kubwa lilikuwa kuwapunguzia watu safari ili matairi yao yasiishe. Kwa Afrika maana yake ilikuwa nyingine. Nchini Tanganyika mashamba ya mpira yaliyoachwa tangu enzi ya Wajerumani yalifufuliwa, na katika Kongo ya Wabelgiji wanavijiji walirudishwa msituni kwa kazi ya lazima.

Serikali ya Marekani iligeukia mpira wa viwandani, unaotengenezwa kutokana na mafuta ya petroli na pombe. Kufikia mwaka 1945 viwanda vyake vilitoa zaidi ya tani 700,000 kwa mwaka. Kiasi kilitosha, lakini ubora ulikuwa na kasoro. Mpira huo ulipikwa katika joto la nyuzi 50 hivi za Selsiasi, na katika joto hilo minyororo ya molekuli zake huota matawi mengi yasiyo na mpangilio. Tairi lililotokana nao lilipata moto sana barabarani na halikudumu vya kutosha.

Hapo ndipo Chuo Kikuu cha Minnesota kinapoingia. Izaak Maurits Kolthoff, mzaliwa wa Almelo nchini Uholanzi, alikuwa amefika Minneapolis mwaka 1927 na kujijengea jina kubwa katika kemia ya uchambuzi. Wakati wa vita aliongoza kundi la watafiti waliochunguza jinsi mpira huo unavyojiunga chembe kwa chembe ndani ya maji ya sabuni. Utafiti wa kundi lake, sambamba na wa vituo vingine vya Marekani, ulisaidia kupata njia ya kuutengeneza mpira katika ubaridi wa nyuzi 5 tu. Katika ubaridi huo minyororo ya molekuli hurefuka na kunyooka zaidi. Bidhaa hiyo, iliyoitwa mpira baridi, ilianza kutengenezwa kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1940, na matairi yaliyovikwa mpira huo yalistahimili msuguano kwa kiwango ambacho mpira wa vita haukukifikia. Kolthoff aliishi muda mrefu kuliko matairi yote aliyoyaboresha: alifariki mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 99. Jina lake lingali juu ya jengo la kemia chuoni hapo.

Chuo hicho hakikuliacha somo hilo. Mwaka 2017 kundi lililoongozwa na Paul Dauenhauer, mtaalamu wa uhandisi wa kemikali, lilitangaza njia ya kupata isoprini, ambayo ndiyo chembe inayojenga mpira wa asili, kutokana na sukari ya miti, nyasi na mahindi badala ya petroli.

Kolthoff alipokuwa katikati ya kazi yake ya vita, mwaka 1943, kijana mdogo wa Minneapolis aliingia chuoni hapo kusoma kemia ya viumbe. Masomo yalimshinda, akafukuzwa. Jina lake lilikuwa Robert Pirsig. Julai mwaka 1968, akiwa mwandishi wa vitabu vya maelekezo ya mitambo, alifunga mizigo juu ya pikipiki ya Honda Super Hawk ya mwaka 1966, akampakia mwanawe Chris mwenye umri wa miaka 11, na kuelekea San Francisco. Rafiki zake wawili, John na Sylvia Sutherland, walifuatana naye kwa pikipiki ya BMW hadi Montana. Safari hiyo ilizaa kitabu "Zen and the Art of Motorcycle Maintenance", kilichokataliwa na wachapishaji 121 kabla ya kutoka mwaka 1974. Pikipiki yenyewe ilichukuliwa na makumbusho ya Smithsonian mjini Washington mwaka 2019.

Mgogoro unaopita katika kitabu hicho ni kati ya msafiri anayetaka kuijua mashine yake na msafiri anayetaka kupanda tu na kwenda. Hakuna sehemu ya pikipiki ambayo mgogoro huo unaonekana wazi kuliko tairi. Honda ya Pirsig ilikuwa ya sentimita za ujazo 305, nyepesi, yenye matairi membamba ya tyubu. Miaka michache baadaye hali ilibadilika kabisa. Honda ilipoonyesha Gold Wing mwaka 1974, pikipiki ya safari ilikuwa imevuka kilo 260. Matoleo ya karne hii yenye masanduku na kiti cha abiria yamevuka 350. Uzito wote huo, pamoja na watu wawili na mizigo yao, huishika barabara kupitia mabaka mawili ya mpira, kila moja likitoshana na kiganja cha mkono.

Ndiyo maana tairi la nyuma la pikipiki hizo huisha upesi ajabu kwa mtu aliyezoea gari. Wengi hupata kati ya kilomita 10,000 na 25,000, kutegemea mzigo, mwendo na lami. Barabara za Minnesota na Dakota huongeza tatizo jingine: zimenyooka. Pikipiki ikienda siku nzima bila kuinama, tairi huliwa katikati tu, likawa bapa mgongoni na kubaki zima mabegani. Kona ya kwanza ya milima ya Black Hills humshtua mwendeshaji, kwani pikipiki hukataa kuinama, kisha huinama kwa ghafla.

Baadhi ya wenye pikipiki nzito waliamua kulimaliza tatizo hilo kwa kufunga tairi la gari dogo nyuma. Wenyewe huuita mtindo huo upande wa giza, na hujivunia umbali ambao tairi moja huwafikisha. Watengenezaji wa matairi na wa pikipiki wameukataza kwa maneno makali. Tairi la pikipiki ni la mviringo ili libaki na mguso sawa linapoinama. La gari ni bapa, na kwenye kona husimama juu ya ukingo wake. Hata mdomo wake unaokaa kwenye rimu umechongwa kwa umbo tofauti. Hoja ya upande wa giza ni hoja ya mfuko, na haina uzito mbele ya kona yenye maji.

Jibu la viwanda lilikuja kwa hatua. Michelin ilikuwa imepata hataza ya tairi la radiali mwaka 1946, lakini pikipiki za kawaida zilisubiri hadi miaka ya 1980 kulipata. Katika tairi hilo nyuzi za ndani hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na joto hupungua. Katika lile la zamani nyuzi hupishana kimshazari, jambo linalolipa nguvu za kubeba mzigo, na hadi leo pikipiki nyingi nzito za Kimarekani hulitumia. Hatua iliyofuata, iliyoenea katikati ya miaka ya 2000, ilikuwa kuunganisha mipira miwili katika tairi moja: mgumu katikati kwa ajili ya barabara iliyonyooka, laini mabegani kwa ajili ya kona. Mchanga laini sana wa silika nao uliongezwa ili mpira mgumu usiteleze kwenye maji. Ugomvi wa kale kati ya kudumu na kushika haukwisha, lakini ulipunguzwa makali.

Kwa mkazi wa miji pacha, hata hivyo, kilomita ni nusu tu ya hesabu. Msimu wake una miezi saba hivi, na mtu anayetembea kilomita 4,000 kwa mwaka atahitaji miaka mitano kumaliza tairi la kilomita 20,000. Wakati huo wote mpira unazeeka. Hewa na mwanga huukausha, na baridi kali ya Januari huugumisha kiasi kwamba watengenezaji huonya usikunjwe wala kufungwa kwenye rimu ukiwa katika hali hiyo. Tairi linaweza kuwa na mifereji mirefu na bado likawa limekufa.

Tarehe yake ya kuzaliwa imeandikwa ubavuni. Tangu mwaka 2000 matairi yanayouzwa Marekani huwa na tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT: 1624 ni wiki ya 16 ya mwaka 2024. Fundi mwaminifu humwonyesha mteja tarakimu hizo kabla ya kulifunga tairi, kwa sababu tairi lililokaa ghalani miaka minne limekwisha kupoteza sehemu ya maisha yake ingawa linang'aa. Karibu na hapo pana namba ya uzito ambao tairi linaruhusiwa kubeba, na namba hiyo haina majadiliano kwa mtu anayesafiri na mkewe na masanduku matatu.

Kwa hiyo yule anayekwenda Sturgis kila Agosti na kupitiliza hadi Pwani ya Magharibi hupata faida kwa tairi la mpira wa aina mbili lenye katikati ngumu, kwani ataliisha kabla halijazeeka. Anayezunguka maziwa ya Minneapolis siku za Jumapili hana sababu ya kulipia kilomita asizozitembea. Tairi laini zaidi litamlinda vizuri siku ya mvua, naye atalibadilisha kwa kalenda. Wote wawili hupaswa kupima upepo asubuhi, kabla ya mpira kupata joto, kwa sababu kila baridi inapoongezeka kwa nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, upepo hupungua kwa kipimo kimoja cha pauni. Asubuhi ya Aprili huko Saint Paul inaweza kuwa na baridi kuliko alasiri kwa nyuzi 15.