Tembo wa dhahabu wa Tabora

Mwaka 1916 karakana ya reli pale Lulanguru, magharibi ya mji wa Tabora, iligeuzwa kiwanda cha kupiga sarafu za dhahabu. Reli yenyewe ilikuwa imefika Tabora miaka minne tu kabla.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ndiyo iliyoleta kazi hiyo. Manowari za Waingereza zilifunga pwani, rupia za fedha zikakoma kuja kutoka Ujerumani, na waliokuwa nazo wakazificha. Noti za karatasi hazikuaminiwa; mpagazi au muuza nafaka alitaka kitu kizito mkononi. Wajerumani, waliotawala nchi wakati ule, wakaichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, wakapiga vipande 16,198 vya rupia 15, kila kimoja kikiwa na uzito wa gramu 7 na ushei. Upande mmoja aliwekwa tai wa dola yao. Upande wa pili yuko tembo ameinua mkonga, milima nyuma yake. Picha hiyo iliufaa mji ambao kwa miongo mingi pembe zilipita humo mabegani mwa Wanyamwezi zikielekea Bagamoyo. Kwa chenji walipiga heller 5 na 20 za shaba.

Mihuri ya kupigia tembo yule ilichongwa na fundi wa Kisinhala, mwenye asili ya Sri Lanka. Jina lake halimo kwenye sarafu, wala la mtu yeyote aliyeyeyusha, aliyekata au aliyepiga. Iko herufi T pekee, yaani Tabora.

Linganisha ukimya huo na masonara wa Canton, China. Katika karne ya 19 waliwatengenezea wageni wa Ulaya na Marekani birika, vijiko na vikombe vya fedha, mara nyingi kwa kuyeyusha reale za Kihispania na za Meksiko. Chini ya chombo muuzaji aligonga herufi za Kilatini, kama WH ya duka la Wang Hing. Kando yake mara nyingi ikagongwa alama ya Kichina ya karakana iliyokifanya. Kwa alama hiyo, leo kazi ya mafundi wale hufuatiliwa hadi kwenye karakana zao.

Jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na upigaji wa sarafu za tembo ukaishia hapo. Sarafu hizo sasa huuzwa ghali minadani Ulaya, zikisifiwa kwa uhaba wake na kwa tembo wake. Naona zinastahili kusifiwa kwanza kwa mikono ya Lulanguru. Wazee wa Mtendeni na Kwihara, huko Tabora, waliosikia habari za karakana ile kwa baba zao waulizwe sasa, wangali hai.