Ng'ambo ya Ruvuma

Sisi wa visiwani tunalijua vyema neno ng'ambo. Mjini Unguja, Ng'ambo ni upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe. Hori limekwisha kufukiwa na daraja halipo, lakini Ng'ambo ni Ng'ambo na Darajani ni Darajani. Neno hilo halikutaja ugeni; lilitaja watu waliokaa ukingo wa pili wa maji yale yale.

Ndivyo ulivyo pia mto Ruvuma. Asimamaye Newala, kwenye genge liitwalo Shimo la Mungu, huutazama bonde lake kwa chini, na ng'ambo yake huinuka uwanda wa Mueda, ambako nako wanaishi Wamakonde. Masimulizi yao husema kwamba watoto wa kwanza wa kabila walizaliwa karibu na mto wakafa. Wazazi wakapanda juu, na huko mtoto akaishi. Basi uwandani wakakaa, pasipo maji, na wanawake wakawa wakiteremka magenge na mitungi kichwani. Mto ukawa wa kuvukwa, si wa kukaliwa.

Wakati wa kiangazi Ruvuma hugeuka kama jangwa: mchanga mpana, na maji yakipita katikati kwa michirizi. David Livingstone alipojaribu kuupanda kwa meli ya moshi mwaka 1861, upungufu wa maji ulimrudisha. Mtumbwi wa gogo hauna taabu hiyo. Penye kina hupigwa pondo. Penye mchanga abiria hushuka wakauvuta. Mama na watoto hukaa katikati, kapu la unga miguuni, wakaenda arusini, matangani au jandoni.

Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno, ambao hawakuwa na jamaa ukingo wowote, walikubaliana kuwa mto huo ni mpaka. Mwaka 1916 majeshi ya Wareno yaliuvuka yakaitwaa Newala, yakafukuzwa mwaka huo huo. Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck naye akavuka kwenda kusini. Baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, na vita vya ukombozi vilivyoanza 1964, maelfu walivuka kuja kaskazini wakapokewa. Nasi wa Unguja tumo: mwaka 1876 Askofu Edward Steere, mtunzi wa kitabu cha sarufi ya Kiswahili, aliwatoa kisiwani watumwa walioachwa huru akawapeleka Masasi, na baadhi yao walizitambua nchi walikotekwa.

Mwaka 2010 lilifunguliwa Daraja la Umoja huko Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720. Miaka saba baadaye vita vikazuka Cabo Delgado, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, ukingo wetu, kikashambuliwa. Baada ya damu hiyo ni rahisi kumdhania kila mwenye pondo kuwa adui.

Kulinda mpaka ni wajibu wa dola, wala hapana mwenye akili atakayelikana hilo. Lakini mlinzi akumbuke kwamba mvukaji aghalabu ni bibi aendaye kumwona mjukuu. Daraja hupitisha magari. Bibi huyo kwao ni pale mtumbwi unapofikia, na safari yake ilianza kabla ya mpaka.