Shilingi ya Kidijitali: Mitazamo ya Kibondo na Kasulu

Shilingi ya kidijitali ni fedha halali ambayo Benki Kuu ya Tanzania ingeitoa yenyewe, ikakaa kwenye simu badala ya mfukoni. Gavana wa wakati huo, Florens Luoga, alitangaza nia hiyo Novemba 2021. Januari 2023 Benki ikasema itakwenda kwa awamu na kwa tahadhari, ikitaja miongoni mwa vikwazo ukubwa wa matumizi ya fedha taslimu. Katika wilaya za Kibondo na Kasulu, nyanda za juu za Kigoma, mtazamo wa watu juu ya fedha ya namna hii unaeleweka kwa kuangalia waliyoyapitia, si kwa kudhani wanaogopa teknolojia. M-Pesa ipo nchini tangu 2008, na muuza maharage anajua kupokea malipo kwa simu na kwenda kwa wakala kutoa. Kinachomgusa ni nani mwenye uwezo wa kuikata fedha yake au kuizuia.

Uwezo huo umeonekana. Tarehe 15 Julai 2021 ilianza tozo ya serikali kwa miamala ya simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, juu ya makato ya kampuni za simu. Malalamiko yakaenea nchi nzima, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza mwishoni mwa 2016 kuwapa wakimbizi fedha badala ya chakula, lakini 2017 serikali ikausitisha mpango huo. Wenyeji waliokuwa wakiwauzia wakimbizi mazao nao waliona jinsi fedha inavyokatika kwa agizo moja.

Wapo wanaosema shilingi ya Benki Kuu ingekuwa salama kuliko salio la kampuni. Ni kweli kwa kiasi, ila fedha za wateja wa simu tayari hutunzwa katika akaunti za amana benki, mbali na mali ya kampuni. Hoja kwamba makato yake yangekuwa nafuu ina nguvu zaidi, na inastahili kusikilizwa, maana makato huwaumiza zaidi wenye miamala midogo. Hata hivyo, Nigeria ilizindua fedha yake ya namna hii, eNaira, Oktoba 2021 na watumiaji wakabaki wachache. Kijijini, fedha ya simu huaminiwa kwa sababu wakala yupo na ana floti, yaani fedha ya kuendeshea kazi yake. Naye huishi kwa kamisheni. Shilingi isiyo na makato, kama haimlipi wakala, haitapata mtu wa kuigeuza noti siku ya gulio.