Maji ya Tirta Gangga

Mgeni atokaye mji wa Amlapura, mashariki ya kisiwa cha Bali, akaifuata barabara iendayo kaskazini, hupita baina ya majaruba ya mpunga kwa muda wa kilomita 6 hivi kabla ya kufika Tirta Gangga. Bustani hii ya kifalme si kubwa. Eneo lake ni hekta moja na kitu. Ndani yake mna mabirika yenye samaki wa rangi ya dhahabu, sanamu za miungu na mazimwi, mawe ya kukanyagia yaliyopangwa majini, na mnara wa tabaka 11 ambao maji yake huanguka kutoka tabaka hata tabaka. Wageni wengi husimama juu ya mawe yale, wakapigwa picha, wakaenda zao. Uzuri wameuona, lakini aonaye mabirika asijue maji yatoka wapi wala yaenda wapi, ameona nusu ya bustani, tena nusu iliyo ndogo.

Jina lenyewe lahitaji kufikiriwa. Tirta ni neno lililotoka katika Kisanskriti, na kwa watu wa Bali ni maji matakatifu, yale ambayo kuhani huyaombea na kuwanyunyizia waumini. Cheo cha maji hayo ni kikubwa hata dini ya kisiwa, ambayo ni Uhindu uliokutana na mila za kale za wenyeji, imepata kuitwa dini ya tirta. Gangga ni mto Ganges wa Bara Hindi. Kati ya mto ule na kisiwa hiki pana bahari na nchi nyingi, na hakuna tone la Ganges lifikalo Bali. Lakini aliyetoa jina hili hakuwa akisema habari za jiografia. Alikuwa akisema kwamba utakatifu waweza kububujika popote penye chemchemi na watu wa kuiheshimu.

Chemchemi ilikuwapo kabla ya mfalme. Hutoka chini ya mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, na wenyeji waliitukuza zamani, wakateka maji yake kwa ibada zao. Mfalme wa Karangasem, Anak Agung Anglurah Ketut, alianza kujenga hapo mwaka 1946. Alikuwa na ujuzi wa ujenzi: bustani ya Ujung, iliyo karibu na pwani, ilifunguliwa mwaka 1921, na katika majumba yake mkono wa Ulaya waonekana wazi. Tirta Gangga ni ya namna nyingine. Hukumbukwa kwamba mfalme, ambaye umri wake ulikuwa ukikaribia miaka 60, aliingia matopeni pamoja na vibarua akachimba nao. Jambo la ajabu katika nchi ambayo hata lugha hubadilika kwa kadiri ya cheo cha mtu asemeshwaye.

Basi na itazamwe tarehe. Waholanzi waliishinda Lombok mwaka 1894, na Karangasem, iliyokuwa chini ya watawala wa kisiwa kile, ikaingia mikononi mwao. Anak Agung Anglurah Ketut alishika madaraka mwaka 1908 kama naibu wao. Mwaka 1938 yeye na watawala wenziwe saba wa Bali wakarudishiwa heshima ya kujitawala, ingawa amri kubwa ilibaki kwa Waholanzi. Wajapani walikuja mwaka 1942. Mwaka 1945 Indonesia ikatangaza uhuru, na mwaka uliofuata Waholanzi wakarudi Bali kwa silaha. Mwezi Novemba 1946, huko Marga, Ngurah Rai na wapiganaji wake wakauawa wote. Haikupita miaka mingi ila tawala za wafalme zikavunjwa na Bali ikawa sehemu ya jamhuri. Ni katika miaka hiyo mfalme huyu alichimba mabirika.

Mkali wa hukumu atasema kwamba alicheza na maji nchi ikiwaka moto. Hukumu hiyo ina ukweli wake, na haifai kufunikwa kwa sifa za maua. Lakini yasahau desturi ya maji katika Bali. Mgawo wa maji ya mashamba ni kazi ya subak, yaani vyama vya wakulima wenye mahekalu yao, na wafalme waliokuja na kuondoka hawakuviondoa. Aliyejenga juu ya chemchemi alijenga juu ya kitu ambacho hakuweza kukimiliki peke yake. Na hivyo ndivyo mifereji ionyeshavyo: sehemu kubwa ya maji hukamatwa na mabomba, ikapelekwa Amlapura kuwa maji ya kunywa; sehemu iliyo ndogo huingia mabirikani. Bustani nzima, pamoja na mnara wake, yaishi kwa yale yabakiayo.

Mwaka 1963 mlima Agung ulilipuka. Ulilipuka wakati wa Eka Dasa Rudra, sadaka kuu ya kuusafisha ulimwengu, iliyokuwa ikifanywa katika hekalu la Besakih kwenye mteremko wa mlima uleule. Watu zaidi ya 1,000 walikufa. Tirta Gangga iliharibika karibu yote, na mfalme, ambaye sasa hakuwa na enzi wala hazina ya kuijenga tena, alifariki mwaka 1966 akiiacha magofu. Uzao wake ndio ulioirudisha kidogo kidogo katika miaka iliyofuata, na ada ya wageni huitunza.

Majivu yaliziba mabirika. Mkuyu na chemchemi vilibaki. Maji yaingiayo bustanini hupita katika mabirika, yakaoshea waogaji katika bwawa lililotengwa kwa ajili yao, kisha hutoka upande wa chini na kuingia majaruba, ambako wakulima huyapokea kwa zamu.