Mume Mgeni Mlangoni

Mke humfuata mume: ada hii ya kale iliingia hata katika sheria. Nchini Uingereza, chini ya kanuni za uhamiaji za mwaka 1980, mwanamume mkaazi aliweza kumleta mkewe kwa wepesi. Mwanamke mkaazi aliwekewa vizuizi vingi juu ya mumewe. Wanawake watatu, Abdulaziz, Cabales na Balkandali, waliishtaki serikali mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Tarehe 28 Mei, 1985, ubaguzi wa jinsia ulithibitika. Lakini mwaka ule ule serikali iliwatwisha wake masharti yaliyowabana waume. Usawa ulipatikana kwa kueneza dhiki. Adaiye haki na aangalie: mizani husawazishwa kwa kuongeza upande mmoja, au kwa kupunguza wa pili.