Mwanga wa Kupishana, Si Dimu

Dereva wa Tanzania ana maneno mawili ya taa za mbele: fulu na dimu. Fulu ni ya barabara tupu, dimu ni ya pale gari jingine linapotokea mbele. Yote mawili tuliyachukua katika Kiingereza, yakapita gereji na vyuo vya udereva, na leo hata asiye na leseni anayajua. Sina ugomvi na fulu. Dimu ndilo linalonisumbua, kwa sababu huko lilikotoka maana yake ni "hafifu", na mwanga huo si hafifu.

Jina baya lina gharama. Mtu akiamini kwamba taa anayosafiria sehemu kubwa ya usiku ni taa hafifu, ataona ni busara kuiongezea nguvu. Anaingia duka la spea, anaomba "globu kali", na anatoka na globu za wati 100, au LED zenye feni kisogoni, au zenoni inayowaka buluu. Anazifunga jioni, anaanza kupanda mlima wa Soni kuelekea Lushoto gizani, na kila anayeshuka kukutana naye anatiwa kiwi na kupoteza njia kwa sekunde mbili tatu. Katika barabara ile, sekunde mbili tatu ni nyingi mno.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi. Huanzia tambarare, kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari, ikapanda hadi mita 1,400 hivi, ikijikunja kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde. Ni njia ya tangu enzi za Wajerumani, Lushoto ilipoitwa Wilhelmstal, na ingawa ina lami, bado ni nyembamba. Jioni hushuka Fuso na Canter zilizosheheni kabichi, karoti na viazi kutoka Lukozi, Mlalo na vijiji vya jirani, zikiwahi masoko ya Dar es Salaam. Mabasi na Noah nazo zinapanda. Waendao kwa miguu wanatembea ukingoni mwa lami kwa sababu hawana pengine pa kutembea. Ukungu ukishuka kutoka msitu wa Magamba, fulu haisaidii kitu: matone ya maji hewani huurudisha mwanga machoni pa dereva mwenyewe, akaona ukuta mweupe badala ya barabara. Kwa hiyo huku milimani dereva huendesha kwa ile anayoiita dimu saa nyingi kuliko mwenzake wa Dodoma.

Kanuni za kimataifa za vifaa vya magari, zilizotokana na Makubaliano ya Geneva ya mwaka 1958, hazijui neno dimu. Zinauita mwanga huo kwa kazi yake: mwanga wa kupishana. Fulu zinaiita mwanga wa kusafiria. Wafaransa nao husema taa za kupishana. Wajerumani, waliofungua njia ya Lushoto, wana jina linaloelekea kumaanisha mwanga uliokingwa usitie kiwi. Sisi tumebaki na jina linaloupima mwanga huo kwa udhaifu ambao hauna.

Kiswahili kinalibeba neno kupishana vizuri kuliko lugha nyingi. Kupisha ni kumwachia mwenzako njia, na kupishana ni kuachiana njia, kila mmoja akiwa na wajibu kwa mwingine. Kondakta wa Soni akisema "tupishane hapa" anajua kwamba magari mawili yamekubaliana nani asogee na nani apite. Mwanga wa kupishana, basi, ni mwanga unaomwezesha kila mmoja kuona bila kumpofusha mwenzake. Sehemu ya pili ya maana hiyo ndiyo ambayo neno dimu huiacha nje kabisa.

Wapo wanaopendekeza "taa ya chini". Si vibaya, ila linaweza kuchanganywa na taa za ukungu, ambazo kweli hufungwa chini, tena halisemi kwa nini mwanga uwe chini. "Taa hafifu" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa inatafsiri kosa lenyewe. Kuna hoja nyingine dhidi ya "kupishana": mwanga huu hutumika pia ukimfuata mtu kwa nyuma, mjini, na kwenye ukungu, ambako hakuna anayepishana na mtu. Ni kweli. Lakini umbo lake lote lilibuniwa kwa ajili ya dakika ile ya magari mawili kukabiliana, na ndiyo inayoamua kama globu ni halali au la.

Chukua globu ya halojeni ya H4, iliyoingia sokoni mwaka 1971 na ambayo bado imo katika magari mengi tunayoagiza Japani. Ndani yake mna nyuzi mbili. Uzi wa fulu hula wati 60, na uzi wa kupishana hula wati 55. Kama mmoja ungekuwa hafifu, tofauti isingekuwa wati tano. Hata tukiacha umeme tukapima mwanga wenyewe, kanuni inataka uzi wa fulu utoe lumeni 1,650 na wa kupishana 1,000, kwa kupanda au kushuka asilimia 15, umeme ukiwa wa volti 13.2.

Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye globu, uende kokote. Wati haipimi mwanga, hupima umeme unaoliwa. Kelvini, inayoandikwa kwa namba kubwa kwenye makasha, hupima rangi tu: halojeni ya kawaida iko karibu na 3,200, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mwanga unavyoelekea weupe na ubuluu. Kipo kipimo cha nne, kandela, kinachosema mwanga una ukali gani katika mwelekeo mmoja. Neno hilo ni ndugu wa damu wa kandili yetu: lilitoka Kilatini, likapita kwa Wagiriki na Waarabu, ndipo likafika pwani ya Uswahilini likiwa taa. Kwa dereva, kandela ndiyo yenye uzito. Lumeni nyingi zikienda angani hazimsaidii, na kandela chache zikiingia machoni pa anayekuja zinaweza kuua.

Uzi wa fulu umewekwa penye kitovu cha kiakisi, lile bakuli linalong'aa ndani ya taa, kwa hiyo mwanga hutoka moja kwa moja mbele. Uzi wa kupishana uko mbele kidogo ya kitovu, na chini yake pana kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho huzuia mwanga usipige nusu ya chini ya kiakisi. Nusu ya juu peke yake ndiyo inayofanya kazi, nayo huuelekeza mwanga chini, barabarani. Elekeza gari lako kwenye ukuta usiku utaona matokeo: chini mwanga, juu giza, na baina yake mpaka ulio wazi. Mpaka huo napendekeza tuuite ukingo wa mwanga. Upande wa kulia umelala sawa, upande wa kushoto unapanda mshazari.

Kupanda kule kushoto kuna sababu. Tunaendesha kushoto, na kushoto ndiko aliko mama aliyejitwika mzigo na mtoto anayerudi nyumbani. Magari ya Japani huja na umbo hilo tayari, kwa kuwa nao wanaendesha kushoto. Taa nzima iliyotoka Ulaya bara, au nchi kama Burundi, Rwanda na Kongo, imeundwa kupandisha mwanga kulia. Ifunge kwenye gari la Lushoto, na ule mshazari utapiga usoni mwa kila anayekuja. Hapo kubadilisha globu hakurekebishi lolote. Kinachotakiwa ni taa nyingine.

Sasa utaona kwa nini LED za kuchomeka hazifai katika taa ya H4. Mahali pa uzi ndani ya globu hupimwa kwa sehemu za milimita, na kiakisi kimekokotolewa kufuata uzi ule. Vipande vya LED vina umbo lingine na vimekaa pande mbili za bamba, kwa hiyo kiakisi hutupa mwanga ovyo na ukingo unavunjika. Dereva anaona mbele yake kumekuwa kweupe na kuridhika, kumbe sehemu ya lumeni zake mpya imehamia machoni pa wenzake. Sisemi kwamba LED ni mbaya. Gari lililotoka kiwandani na taa za LED lina kiakisi au lenzi iliyobuniwa kwa ajili yake. Ujerumani, tangu mwaka 2020, imeruhusu LED fulani za kubadilishia, lakini kwa magari yaliyotajwa mojamoja kwenye orodha baada ya kupimwa. Zenoni ya kuchomeka ina kasoro ileile, tena yenyewe humwaga zaidi ya lumeni 3,000 ndani ya taa iliyoandaliwa kwa 1,000. Globu ya wati 100 huacha umbo la mwanga lilivyo, ila huongeza kila kitu, pamoja na ule mwanga kidogo unaovuja juu ya ukingo, na joto lake huyeyusha soketi na kuchosha waya na swichi ambazo hazikuundwa kubeba umeme huo.

Anayetaka kuona zaidi bila kuvunja kanuni bado ana njia. Asome maandishi kwenye kitako cha globu kabla ya kusoma kasha. Yawepo H4, 12V, 60/55W, na herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba ya nchi iliyoidhinisha: E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E4 Uholanzi, E43 Japani. Lori la volti 24 huchukua 75/70W. Kampuni kama Osram na Philips hutengeneza globu zenye alama hiyo ambazo makasha yake hutangaza asilimia 100, 130 au 150 zaidi. Asilimia hizo hazimaanishi kwamba globu inatoa mwanga mara mbili na zaidi. Jumla ya lumeni haitoki nje ya mipaka ya kanuni. Uzi wake ni mwembamba na umesokotwa kwa usahihi zaidi, unawaka kwa joto kubwa zaidi, kwa hiyo mwanga hukusanyika mbali kwenye lami, na asilimia inayotangazwa hupimwa hapo. Gharama yake ni maisha mafupi: globu hizo huungua mapema, na mwenye gari wa mlimani lazima atembee na ya akiba. Zilizopakwa buluu aziache dukani. Rangi ile ni chujio, na kila chujio hula mwanga.

Lakini kabla ya kununua chochote, amwite fundi umeme apime volti penye globu yenyewe, injini ikiwaka. Mwanga wa halojeni hushuka haraka sana umeme unapopungua: pakifika volti 12 badala ya 13.2, zaidi ya robo ya mwanga imepotea. Waya wa bodi ulioota kutu, au waya mwembamba wa zamani, hutosha kuleta upungufu huo, na dawa yake ni kusafisha viunganishi au kuweka rilei na waya mnene. Plastiki ya mbele iliyofifia na kuwa ya njano ing'arishwe au ibadilishwe. Kisha taa zielekezwe upya. Kipimo cha kawaida ni ukingo kushuka sentimita 10 kwa kila mita 10, gari likiwa mahali pa tambarare, na Mombo panafaa kuliko popote Lushoto kwa kazi hiyo. Lori lililojaa kabichi nyuma huinua pua, na mwanga wake wa kupishana hugeuka fulu bila dereva kugusa swichi. Mwenye lori apime taa mzigo ukiwa juu. Naamini magari mengi yanayohukumiwa kuwa na globu dhaifu yana shida hizi tu.

Suala la jina linarudi kwa nguvu kwa sababu ya sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu hapo kazi ya kutafsiri sheria imekuwa ya lazima. Neno litakalochaguliwa kwa taa hii litasomwa na trafiki, na hakimu, na wanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilicho hapahapa Lushoto. Likiwekwa "dimu" au "taa hafifu", mshtakiwa aliyefunga LED atakuwa na hoja ya kusema kwamba aliondoa uhafifu. Likiwekwa "mwanga wa kupishana", swali mbele ya hakimu litakuwa moja: je, taa hii iliruhusu kupishana?

Gereji zitaendelea kusema dimu, na hilo halina ubaya mkubwa, maana fundi anayejua kazi hadanganywi na jina. Ombi langu ni kwa BAKITA, kwa watafsiri wa sheria, na kwa wakufunzi wa udereva wa VETA na wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji: andikeni mwanga wa kupishana katika vitabu na mitihani, na mfundisheni mwanafunzi ukingo wa mwanga ukutani kabla hajapewa leseni.